Wasomaji Wanauliza: Hisa za Marehemu na Mirathi Isiyo na Wakili

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja: ndugu amefariki, ameacha karatasi za hisa au dalili za hisa, na familia haijui kama imwendee wakili, iende mahakamani au iende moja kwa moja kwenye soko la hisa. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa kuwa inagusa karibu kila hatua ya safari hii.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salaam. Baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alifariki mwaka 2023 bila kuacha wasia, na mama alikuwa amemtangulia. Tumebaki watoto watano, sote watu wazima. Katika sanduku lake la bati tulikuta cheti cha hisa cha Uganda Clays, karatasi ya mwaka 2007 inayoonyesha kwamba alipewa hisa za Stanbic, na bahasha kadhaa zenye hundi za gawio (faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa) ambazo hakuwahi kuzipeleka benki. Mtu mmoja anayejiita mtaalamu ametuambia kwamba atafuatilia hisa zote na barua za mahakama kwa malipo ya theluthi moja ya fedha zitakazopatikana. Je, tunaweza kuifanya kazi hii wenyewe, na tuanzie wapi? — Mtoto wa Mwalimu, Arua

JIBU: Mnaweza, ndugu yetu, na theluthi moja ni malipo makubwa kupita kiasi kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kuandika barua, kupiga foleni na kusubiri. Sheria ya Uganda haimlazimishi mtu kuajiri wakili ili aombe barua za usimamizi wa mirathi, yaani hati ya mahakama inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu. Familia ya watu wazima watano wanaosikilizana, yenye mali inayojulikana na isiyo na mgogoro wa ardhi, ndiyo hasa familia inayoweza kujisimamia.

Jambo ambalo watu wengi hulifanya kinyume ni mpangilio. Wao hukimbilia mahakamani kwanza, kisha ndipo huanza kuzitafuta hisa wakiwa na barua mkononi. Ushauri wetu ni kuzitafuta kwanza, kadiri mnavyoweza, kwa sababu mbili. Kwanza, thamani ya mirathi ndiyo inayoamua ni mahakama ipi itakayowasikiliza: mirathi ndogo, isiyozidi shilingi milioni 50, inaweza kushughulikiwa na mahakama ya mahakimu, na iliyozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Pili, tangu marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022, barua za usimamizi hazidumu milele kama zamani. Zina uhai wa miaka 2, na anayehitaji muda zaidi hurudi mahakamani kuomba aongezewe. Anayeanza kuwatafuta wasajili wa hisa, yaani watunzaji wa daftari la wanahisa wa kampuni, baada ya kupewa barua anaula muda wake mwenyewe.

Basi rudini kwenye lile sanduku la bati. Kila karatasi iliyomo ina habari zaidi ya jina la kampuni. Kwenye cheti cha hisa mtaona namba ya cheti, namba ya mwanahisa katika daftari la kampuni, idadi ya hisa, tarehe, na jina la marehemu kama lilivyoandikwa siku ile. Nakilini yote haya kwenye daftari moja, herufi kwa herufi, hata kama jina limekosewa. Kwenye kijisehemu cha hundi ya gawio mtaona gawio ni la mwaka gani, kiasi kabla ya kodi, na kodi ya zuio iliyokatwa, ambayo kwa mtu binafsi mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa sokoni ni asilimia 10. Ukigawanya kiasi cha kabla ya kodi kwa gawio la kila hisa lililotangazwa mwaka huo, unapata idadi ya hisa alizokuwa nazo siku hiyo. Hesabu hii ndogo imezisaidia familia nyingi kugundua kwamba marehemu alikuwa na hisa nyingi kuliko zilizo kwenye cheti.

Hundi zenyewe zimekwisha muda na benki haitazipokea, lakini kufa kwa hundi si kufa kwa gawio. Deni linabaki katika vitabu vya kampuni kama gawio lisilodaiwa, nanyi mtalidai mkishapata barua za mahakama. Msichelewe mno, kwa sababu katiba za baadhi ya kampuni huweka ukomo wa miaka kabla ya gawio hilo kurudi kwa kampuni.

Msiishie kwenye sanduku. Ombeni taarifa za benki za baba yenu, au tafuteni zile za zamani alizozihifadhi, mkague kila kiasi kidogo kilichoingia mara moja au mbili kwa mwaka, miaka kadhaa mfululizo. Hiyo ndiyo tabia ya gawio. Kama benki inakataa kuwapa taarifa kwa kuwa hamna barua, jambo ambalo ni haki yake, iombeni ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, afisa wa serikali anayeshughulikia mirathi, ambaye wengi hapa humwita Administrata Jenerali, iandike barua ya kuulizia. Kagueni pia ujumbe wa simu yake na barua za mwaliko wa mikutano mikuu ya wanahisa. Watu wengi hutupa mialiko hiyo wakidhani ni matangazo ya biashara, ilhali kampuni haimwalikii mkutano huo mtu asiye mwanahisa.

Kuhusu Uganda Clays na Stanbic, zipo habari ambazo lazima mzijue kabla ya kukadiria thamani. Uganda Clays iliingia Soko la Hisa la Uganda mwaka 2000, na Stanbic iliuza hisa zake kwa umma mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, kwa shilingi 70 kila hisa. Enzi hizo mwanahisa alipewa cheti cha karatasi. Baadaye, kufuatia sheria ya mwaka 2009 ya hifadhi kuu ya dhamana, yaani mahali pa kutunzia hisa kielektroniki, hisa zikahamia kwenye akaunti za kielektroniki ambazo watu wa soko huziita akaunti za SCD. Baba yenu anaweza kuwa alifungua akaunti hiyo na kuhamishia humo baadhi ya hisa, huku nyingine zikibaki kwenye karatasi. Kwa hiyo msidhani kwamba cheti ndicho hesabu yote, wala msidhani kwamba kukosekana kwa cheti ni kukosekana kwa hisa.

Tena, idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya mwaka 2007 si idadi ya leo. Stanbic ilitoa hisa za bonasi, yaani hisa za nyongeza ambazo mwanahisa hupewa bila kulipia, katika miaka iliyofuata hadi jumla ya hisa zake ikawa mara kumi ya ile ya mwanzo, kutoka takriban bilioni 5.1 hadi takriban bilioni 51. Aliyepewa hisa 1,000 mwaka 2007 na hakuziuza anatarajiwa kuwa na hisa 10,000 sasa. Anayewaambia kwamba karatasi hiyo ina thamani ya hisa elfu moja tu, ama hajui, ama anajua sana. Jina nalo limebadilika: kampuni iliyo sokoni leo inaitwa Stanbic Uganda Holdings, na benki ni kampuni tanzu yake. Ndivyo ilivyo pia kwa kiwanda cha dawa cha Luzira kilichoingia sokoni mwaka 2018 kikiitwa Cipla Quality Chemical Industries, ambacho sasa ni Quality Chemical Industries. Mkikuta jina msilolijua, ulizeni kwanza kama lilibadilishwa kabla ya kuamua kwamba kampuni ilikufa. Hata Umeme, ambayo mkataba wake wa kusambaza umeme uliisha tarehe 31 Machi 2025, haikuwafuta wanahisa wake siku ile.

Mkishapata orodha hiyo, mwandikieni msajili wa hisa wa kila kampuni na hifadhi kuu ya Soko la Hisa. Wajulisheni kifo, ambatisheni nakala ya cheti cha kifo, na waombeni wasiruhusu muamala wowote hadi msimamizi atakapopatikana. Huenda wasiwape salio, lakini watawaeleza nyaraka watakazotaka, na taarifa ya kifo itakuwa imeingia kwenye kumbukumbu zao. Barua hii haina gharama, na ndiyo kinga yenu dhidi ya mtu atakayejitokeza na saini ya kughushi.

Sasa upande wa mirathi yenyewe. Anzeni na cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya taifa ya vitambulisho na usajili. Bila hicho hakuna mlango utakaofunguka. Pateni barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, la mahali baba alipokuwa akiishi. Fanyeni kikao cha familia, mwandike muhtasari unaotaja watoto wote watano, mali inayojulikana na mtu au watu mnaowapendekeza kuwa wasimamizi, na kila mmoja atie saini. Sisi tunapendekeza wasimamizi wawili badala ya mmoja. Kazi huenda taratibu kidogo, lakini mjadala wa nani alipokea nini hupungua sana.

Nyaraka hizo huenda kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Ofisi yake iko chini ya Wizara ya Sheria mjini Kampala na ina matawi mikoani, Arua ikiwamo, kwa hiyo hamna sababu ya kupanda basi la usiku kwa hatua hii. Watafungua jalada, watawasikiliza wanafamilia, na wakiridhika watatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Kwa watoto wanaoomba kusimamia mali ya mzazi aliyekufa bila wasia, cheti hiki ndicho tiketi ya kuingilia mahakamani. Msikubali kukinunua kwa mtu wa kati. Ofisi hutoa cheti kwa waombaji wenyewe.

Mahakamani mtawasilisha ombi, tamko la waombaji, cheti cha kifo, cheti cha kutokuwa na pingamizi, vitambulisho na orodha ya mali pamoja na thamani ya kukadiria. Kwa hisa zilizo sokoni, thamani haina ubishi: chukueni bei ya kufunga soko, zidisheni kwa idadi ya hisa, na mwambatishe orodha ya bei ya siku hiyo. Katika mahakama zilizokwisha kuingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa ECCMIS, ulioanza kutumika mwaka 2022, ombi hupelekwa humo. Wahudumu wa masijala humwelekeza asiye na wakili, ingawa ni busara kwenda na kijana anayeijua kompyuta. Tangazo la ombi lenu hutolewa, na yeyote mwenye pingamizi hupewa siku 14 kujitokeza. Akijitokeza mtu na kuweka zuio, simameni hapo mtafute wakili, maana shauri linageuka kesi kamili. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa kisheria kwa Justice Centres Uganda au FIDA Uganda.

Jambo moja dogo huwakwamisha watu kuliko yote niliyoyataja: majina. Cheti cha hisa kinasema Joseph, cheti cha kifo kinasema Yosefu, na kitambulisho cha taifa kimetanguliza jina la ukoo. Kwa familia ni mtu yule yule. Kwa msajili ni watu watatu. Andaeni kiapo mbele ya kamishna wa viapo kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na hakikisheni kwamba barua za mahakama zinayataja majina yote hayo. Kurekebisha barua zilizokwisha kutolewa ni taabu isiyo na sababu.

Mkishazipata barua, pelekeni nakala iliyothibitishwa kwa kila msajili. Zoezi la kwanza ni kuandikisha hisa kwa majina ya wasimamizi kwa niaba ya mirathi. Baada ya hapo ndipo mnaweza kuzigawa kwa watoto, kila mmoja kwenye akaunti yake ya SCD, au kuziuza kupitia wakala wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Vyeti vya karatasi itabidi viingizwe kwanza kwenye mfumo wa kielektroniki. Kama cheti kimepotea, msajili atawataka mripoti polisi, mtoe tangazo na mtie saini ahadi ya kufidia hasara endapo kitaonekana mikononi mwa mtu mwingine. Mkiamua kuuza, kila mtoto aridhie kwa maandishi. Na msisahau mahakama: orodha kamili ya mali huwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu siku ya kupewa barua, na hesabu ya mlichokusanya na kukigawa ndani ya mwaka 1. Wasimamizi wengi wa kujitegemea hufika hapa wakadhani kazi imekwisha, kumbe hapa ndipo ndugu mwenye kinyongo huanza kuwatafutia kosa.

SWALI: Mimi ni mjane wa mjini Busia. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, na mwaka 2008 alinunua hisa za Safaricom kwa kutumia laini yake ya Kenya na akaunti ya benki ya upande ule. Hakuacha wasia, ila watoto wanne. Shemeji zangu wanasema hisa za Kenya haziwezi kudaiwa kwa karatasi za Uganda, na kwamba hata hapa ni lazima nipate kibali chao kwanza. — Mama Zawadi, Busia

JIBU: Pole sana, Mama Zawadi. Tuanze na shemeji. Sheria inayomtaka mwombaji apitie kwa Kabidhi Wasii Mkuu kabla ya kwenda mahakamani inawaacha nje watu wawili: msimamizi aliyetajwa katika wasia, na mjane au mgane wa marehemu. Wewe ni mjane. Unaweza kuomba barua moja kwa moja ukiwa na uthibitisho wa ndoa. Kikao cha familia ni kizuri kwa amani ya nyumba, nasi tunakushauri ukiitishe, lakini hakigeuki kuwa kibali cha shemeji. Marekebisho ya mwaka 2022 yanaeleza pia mgawanyo: pale marehemu alipoacha mwenzi, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mwenzi hupata asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1, na nyumba ya makazi ya familia haiingizwi katika hesabu hiyo.

Kuhusu Kenya, shemeji wana nusu ya ukweli. Msajili wa Nairobi hatazifanyia kazi barua za mahakama ya Uganda zikiwa peke yake. Lakini huhitaji kuanza mirathi upya. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinairuhusu Mahakama Kuu ya huko kuzigonga muhuri wake barua zilizotolewa katika nchi ya Jumuiya ya Madola, na Uganda ni mojawapo. Zikishagongwa, zina nguvu kama zilizotolewa Kenya. Kwa hatua hii, tofauti na tulivyomwambia ndugu wa Arua, tunakushauri umlipe wakili wa Kenya kwa kazi hiyo moja tu, kwa kiwango mtakachokubaliana mapema, wala si kwa asilimia ya hisa.

Kabla ya hapo, kuna upekuzi usio na malipo. Kenya ina Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, UFAA, ambayo hupokea gawio na mali nyingine zilizokaa muda mrefu bila mwenyewe kuzidai. Tovuti yake ina sehemu ya kutafuta kwa jina au namba ya kitambulisho. Jaribu namba ya kitambulisho au pasipoti aliyoitumia mwaka 2008, si ile ya karibuni. Ukiona jina lake, nakili namba ya kumbukumbu uiweke tu, na umkatae yeyote atakayekupigia simu akidai ada ya kukufungulia jalada.

SWALI: Kaka yangu amefariki na sisi ni Waislamu. Shekhe wetu amekwisha kugawa mirathi kwa hesabu za faraidhi na sote tumeridhika. Alikuwa na hisa za MTN Uganda, na gawio huingia kwenye simu yake. Kijana wake mkubwa anaijua namba ya siri na anataka awe anatoa fedha hizo kwa ajili ya karo za wadogo zake. Kuna ubaya gani? — Msomaji wa Bombo

JIBU: Nia ni njema, na hesabu za shekhe ni msingi mzuri wa makubaliano, lakini msajili wa hisa hatazami daftari la msikiti. Ibara ya 129 ya Katiba inazitaja mahakama za makadhi kama jambo ambalo Bunge linaweza kulitungia sheria, ila kwa hisa za kampuni iliyo sokoni bado mtatakiwa kuonyesha barua za mahakama ya kawaida. Ombeni barua hizo, kisha ugawaji wenyewe uende kama mlivyokubaliana, makubaliano yakiwa yameandikwa na kutiwa saini na kila mrithi mtu mzima.

Kuhusu simu, mzuieni kijana. Kutoa fedha za marehemu bila kuwa msimamizi ni kuingilia mirathi, na hilo ni kosa la jinai hata kama kila shilingi imeenda kulipa karo. Isitoshe, muamala uliofanywa kwa namba ya siri ya mtu aliyekwisha kufa hubaki kwenye kumbukumbu, na siku ya kuwasilisha hesabu mahakamani mtaulizwa. Iwekeni laini mahali salama na msiache izimwe, kwa kuwa namba isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine. Mjulisheni msajili wa hisa kuhusu kifo ili gawio lijalo lishikiliwe kwa ajili ya mirathi. Kama karo haiwezi kusubiri, wanandugu wakopeshane kwa maandishi, na deni lilipwe na mirathi.

SWALI: Mjomba alikuwa na hisa katika kampuni ndogo ya usafirishaji ambayo haiko sokoni. Wakurugenzi wanasema alikwisha kuziuza, lakini hawaonyeshi karatasi. — Mpwa, Jinja

JIBU: Nendeni Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB, mlipe ada ya upekuzi na muombe nakala za ripoti za kila mwaka za kampuni hiyo pamoja na hati zozote za uhamisho wa hisa. Kama aliuza, kunapaswa kuwe na hati yenye saini yake. Ilinganisheni tarehe ya hati hiyo na tarehe ya kifo. Ikikosekana, au tarehe zikikataa kukubaliana, msibishane na wakurugenzi kwa simu. Pateni barua za usimamizi, kisha mwandikieni katibu wa kampuni mkimtaka awaandikishe wasimamizi katika daftari la wanahisa, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.